Kompyuta ndogo ya mtumba kwenye TV ya sebuleni: ninunue ipi, na nianzie wapi?

*"Habari mtaalamu. Ninaishi Tabata na familia. Nina TV ya inchi 43 ya 4K ambayo programu zake za ndani zimekuwa nzito mno. Nataka niiwekee kompyuta ndogo, iwe sehemu moja ya kutazamia filamu zilizo kwenye hadidiski yangu ya TB 1, video za harusi yetu na ubatizo wa watoto, YouTube na ikiwezekana mpira. Kariakoo nimeonyeshwa HP EliteDesk Mini za mtumba, moja yenye prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha 6 na nyingine i5 ya kizazi cha 8 yenye bei ya juu zaidi. Fundi mmoja anasema bila RAM ya GB 16 na kadi ya picha, 4K itakuwa inakatakata. Mwingine anasema ataniwekea programu ya Kodi 'iliyojaa' na sitalipia king'amuzi tena. Mama yangu mzazi anaishi nasi, yeye anataka rimoti tu, kibodi hataki kuisikia. Watoto nao wana tableti chumbani. Umeme wa kwetu unakatika bila taarifa, na bando ni ghali. Je, nitakuwa nimetupa hela?"*

Ndugu yangu, hela hutaitupa, lakini mafundi wote wawili wanakupeleka kusiko. Chukua ya kizazi cha 8. RAM ya GB 8 inatosha na kubaki. Kadi ya picha huihitaji, wala ndani ya boksi lile kadi ya kawaida haina pa kukaa. King'amuzi usikiondoe. Sasa nikueleze sababu, maana ukizijua hakuna atakayekuyumbisha dukani.

Tuanze na kinachofanya video ikatekate. TV yako ina nukta 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8. Video ya ukubwa huo ambayo haijabanwa, yenye rangi za biti 24 na picha 25 kwa sekunde, inahitaji karibu gigabiti 5 kila sekunde. Saa moja tu ingezidi TB 2, mara mbili ya hadidiski yako nzima. Kwa hiyo video zote unazozijua zimebanwa kwa kodeki. Kodeki huweka picha moja kamili, kisha kwa zile zinazofuata huandika mabadiliko tu, kama mwenye duka na daftari lake la mkopo: haandiki upya orodha nzima kila jioni, anaandika kilichochukuliwa na kilicholipwa. Faili linakuwa dogo, lakini anayelifungua lazima apige hesabu za daftari zima mara 25 kila sekunde. Akichelewa kidogo, picha inaruka.

Hesabu hizo zinaweza kufanywa na viini vya kawaida vya prosesa, au na sakiti maalumu iliyochongwa ndani ya prosesa kwa ajili ya kazi hiyo peke yake. Kwa prosesa za Intel sakiti hiyo ilianza mwaka 2011 na inaitwa Quick Sync. Inakula umeme kidogo, haichoki, na feni karibu hutaisikia. Ila ina kasoro moja: haifundishiki. Inazijua kodeki ilizozaliwa nazo, basi. Ukiongeza RAM hata ifike GB 64, haitajifunza kodeki mpya.

Hapo ndipo kizazi cha prosesa kinapokuwa na maana. Kodeki ya zamani, H.264 ya mwaka 2003, inafunguliwa na mashine zote mbili ulizoonyeshwa bila jasho, na huenda filamu nyingi za kwenye hadidiski yako ziko hivyo. HEVC, ambayo wengine huiita H.265, ilitoka mwaka 2013. Kizazi cha 6 kinaifungua kwa sakiti ikiwa ni ya biti 8 kwa kila rangi ya msingi tu. Filamu za 4K kwa kawaida ni HEVC ya biti 10. Zikifika kwenye kizazi cha 6, sakiti inazikataa na kazi inarudi kwa viini vinne vya i5. Utasikia feni ikipanda, halafu picha inaanza kuruka kwenye matukio yenye mwendo mwingi kama moshi, mvua au umati wa watu. Kuanzia kizazi cha 7, HEVC ya biti 10 na VP9, kodeki ambayo YouTube huitumia sana kwa 4K, zote zinafunguliwa kwa sakiti. Kizazi cha 8 kinafanya hayohayo na kinakuongezea viini viwili kwenye i5. Ukikuta kizazi cha 7 kwa bei ya katikati, nacho kitakufaa kwa kazi hii. Kodeki ya AV1 ndiyo inayohitaji kizazi cha 11 kwenda juu, lakini kwa sasa YouTube ikiona mashine haiiwezi mara nyingi hukupa VP9, kwa hiyo usiilipie.

Kama TV yako ingekuwa ya kawaida ya 1080p, ningekwambia chukua cha 6 na chenji urudi nayo Tabata.

Kuhusu RAM, jambo linalofaa kuulizia dukani ni jingine kabisa. Sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inaazima kwenye RAM ya mashine. Vijiti viwili vya GB 4 vinaipa njia pana zaidi kuliko kijiti kimoja cha GB 8. Mfuniko wa EliteDesk Mini hufunguka kwa skrubu moja nyuma, kwa hiyo muombe muuzaji akuonyeshe.

Sasa Kodi "iliyojaa". Kodi ni kichezeshi tu, yaani programu ya kuchezesha video na muziki. Ilianza mwaka 2002 kwenye Xbox, ikabadilishwa jina kuwa Kodi mwaka 2014, na inagawiwa bure ikiwa tupu: haina filamu, haina chaneli. Anayekuuzia iliyojaa ameipachika programu-jalizi za watu wasiojulikana zinazochota matangazo ya wizi. Zina matatizo mawili ya kila siku. La kwanza, hufa. Utailipia leo, mechi ya Jumamosi itakutana na kioo cheusi, na fundi atataka hela ya kuja kuijaza tena. La pili, hujui kinachoingia nyumbani kwako. Mwaka 2018 watafiti wa kampuni ya usalama ya ESET walikuta programu-jalizi za Kodi za namna hiyo zikiingiza kirusi kinachochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wa mwenye mashine. Na zaidi ya hapo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo. Kama unataka Ligi Kuu ya hapa nyumbani, iko Azam TV, na njia iliyotulia ni king'amuzi kwenye HDMI ya kwanza na kompyuta kwenye HDMI ya pili. Kubadilisha ni kitufe kimoja cha rimoti ya TV.

Niwe mkweli pia kuhusu YouTube na huduma za kulipia. Kodi ina programu-jalizi ya YouTube, lakini inakulazimu ujisajilie funguo zako binafsi kwa Google kabla haijafanya kazi vizuri, na mara nyingine hugoma baada ya mabadiliko upande wa pili. Netflix na wenzake hufunga video zao kwa kufuli la kidijitali, na kwenye kompyuta yenye Linux hutapata ubora kamili. Kwa vitu hivi viwili, kijiti cha Android TV chenye kibali cha Google ni bora kuliko kompyuta, na ni cha bei ndogo. Kama ungeniandikia kwamba mnatazama YouTube na Netflix tu, ningekukataza kabisa kununua kompyuta. Lakini una TB 1 ya filamu na video za familia, na hapo ndipo kompyuta ndogo inapostahili hela yake. Ikiwa YouTube ya ndani ya TV bado inafunguka hata kwa kujivuta, baki nayo kwanza. Kijiti kinaweza kuja baadaye.

Swali linalofuata ni mfumo endeshi. Muuzaji atakupa mashine ikiwa na Windows. Windows inafanya kazi, lakini kwa hali ya Dar ina mambo mawili ya kukera: hupakua masasisho makubwa bila kukuuliza na kumaliza bando, na umeme ukikatika katikati ya sasisho unaweza kuamka na mashine isiyowaka vizuri. Isitoshe, Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na Windows 11 haikubali rasmi kizazi cha 6. Pendekezo langu ni LibreELEC, mfumo mdogo wa Linux ambao kazi yake ni kuwasha Kodi, basi. Ni bure, hauhitaji kibodi baada ya kufungwa, na kuna jambo la ndani ambalo kwa mtu anayekatiwa umeme ni dawa: mfumo wenyewe umehifadhiwa kama faili moja linalosomwa tu, haliandikwi. Umeme ukikatika hakuna faili la mfumo lililokuwa limefunguliwa nusu. Linaloweza kuumia ni hifadhi ya mipangilio tu, na hiyo mara nyingi hujirekebisha mashine ikiwaka.

Kuna watakaokwambia chukua Raspberry Pi badala yake. Ni kifaa kizuri, Pi 4 na Pi 5 zote zinafungua HEVC ya 4K kwa sakiti. Lakini Pi inataka chaja yake yenyewe, volti 5 na ampea 3 kwa Pi 4, ampea 5 kwa Pi 5. Watu wengi huichomeka chaja ya simu, inapungukiwa umeme, wanailaumu Kodi. Na ikiwa inawaka kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, kukatika kwa umeme huiua kadi hiyo mapema. Kwa nyumba yako, SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) iliyo ndani ya EliteDesk ni salama zaidi.

Ukienda dukani, nenda umejiandaa. Kwenye laptopu yoyote, pakua LibreELEC toleo la kompyuta za kawaida liitwalo Generic, uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya LibreELEC USB-SD Creator au balenaEtcher. Beba flashi ya pili yenye filamu moja ya 4K ya HEVC ya biti 10. Ukiwa dukani, washa mashine huku ukigonga F10 uingie BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), uzime Secure Boot (kinga inayozuia mfumo wa nje kuwaka), kisha uiwashe tena ukigonga F9 na kuchagua flashi yako. Kwenye menyu chagua 'Live', siyo 'Installer', ili usifute diski ya mwenye duka. Chezesha ile filamu, kisha bonyeza herufi O kwenye kibodi. Maelezo yatatokea juu ya picha, na kwenye mstari wa dikoda unatafuta maneno kama ff-hevc-vaapi yakifuatiwa na HW. HW hiyo maana yake sakiti ndiyo inayofanya kazi. Isipokuwepo, viini ndivyo vinavyobeba mzigo, na muuzaji amekupa kitu tofauti na alichosema. Kipimo hiki kina thamani kuliko stika ya i5 iliyobandikwa mbele, kwa sababu stika hubandikwa.

Kama BIOS inakudai neno la siri usilolijua, iache mashine hiyo hapohapo. Nyingi zilitoka maofisini Ulaya na zilifungwa na wenyewe. Angalia na chaja pia. HP ndogo hizi mara nyingi hutumia ya volti 19.5, wati 65, yenye pini nyembamba katikati ya mdomo. Pini hiyo ndiyo inayoitambulisha chaja kwa mashine. Ya kuungaunga itawasha, lakini mashine inaweza kukutolea onyo kila ikiwaka au kujipunguza kasi, halafu utadhani prosesa ni mbovu.

Jambo la mwisho la dukani ni tundu la picha. EliteDesk Mini nyingi hazina HDMI, zina DisplayPort mbili. Utahitaji adapta, na adapta ziko za aina mbili. Za bei rahisi hukomea 4K ya picha 30 kwa sekunde. Filamu zitacheza sawa kwa sababu nyingi ni picha 24 au 25, ila menyu itakuwa inasuasua. Omba ile inayosema HDMI 2.0, 4K kwa 60Hz. Kisha kwenye TV ingia mipangilio ya tundu la HDMI unalotumia, uwashe hali ya UHD. Jina lake hubadilika kwa kila kampuni, lakini bila kuiwasha TV nyingi hubaki kwenye 30.

Kufunga nyumbani ni kazi ya nusu saa. Washa kwa flashi ileile, safari hii chagua 'Installer', thibitisha kwamba diski yote ifutwe, subiri, chomoa flashi. Ikiwaka utaulizwa lugha, mtandao, na kama unataka Samba (njia ya kushirikisha mafaili kwa vifaa vingine vya nyumbani). Kubali Samba, nitarudi kwake. Rudi BIOS mara moja ya mwisho, tafuta 'After Power Loss' uiweke 'On'. Umeme ukirudi mashine itajiwasha yenyewe hadi kwenye Kodi, mama hatakuwa na haja ya kutafuta kitufe nyuma ya TV. Ndani ya Kodi, kwenye mipangilio ya kichezeshi, washa kipengele cha kulinganisha kasi ya TV na ya video, chagua kianze na kuisha pamoja na video. Bila hicho, filamu ya picha 24 kwenye kioo cha 60 itakuwa na mtikisiko mdogo kamera inapozunguka polepole, na watu huudhania kuwa kukwama. Kama kingo za picha zinakatwa, tatizo liko kwenye TV. Tafuta ukubwa wa picha uitwao 'Just Scan' au 'Screen Fit'.

Majina ya mafaili yana umuhimu. Kodi husoma jina la faili au la folda na kwenda mtandaoni kutafuta bango na maelezo. Andika jina la filamu na mwaka, na kwa tamthilia andika S01E01 na kuendelea. Bongo Muvi nyingi hutazikuta huko, kwa hiyo weka picha ya bango mwenyewe ndani ya folda ya filamu, uipe jina poster.jpg. Video za harusi na ubatizo ziweke folda tofauti kabisa, na unapoiongeza kwenye Kodi sema haina aina, isitafutiwe maelezo. Usipofanya hivyo, harusi yenu itapewa bango la filamu ya kigeni yenye jina linalofanana.

Sasa mama. Kompyuta za Intel kwa kawaida hazina ule uwezo wa rimoti ya TV kuamrisha kifaa kupitia waya wa HDMI, ambao Raspberry Pi inao. Mnunulie rimoti ndogo isiyotumia waya yenye kidude cha USB, zile zenye mishale, kitufe cha katikati na cha kurudi. Halafu muondolee vurugu: kwenye mipangilio ya mwonekano wa Kodi kuna sehemu ya vipengele vya menyu kuu, zima muziki, redio, hali ya hewa na kila asichokitumia. Akibaki na filamu na video za familia, hatapotea. Wewe na mwenzako mnaweza kutumia programu ya Kore kwenye simu ya Android.

Kuna hitilafu moja hapa inayosumbua watu miezi bila kujua chanzo. Rimoti inafanya kazi vizuri, ukichomeka hadidiski inaanza kuruka amri, unabonyeza mara tatu inasikia moja. Betri ni nzima. Kinachotokea ni kwamba USB 3.0 ikifanya kazi hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, na rimoti yako iko masafa hayohayo. Intel wenyewe waliliandika jambo hili mwaka 2012. Kidude cha rimoti kikiwa sentimita mbili kutoka kwenye plagi ya hadidiski, sauti ya rimoti inamezwa. Chomeka hadidiski nyuma, kidude mbele, na kama bado, kitoe nje kwa waya wa USB wa kuongezea wa nusu mita. Wi-Fi ya 2.4 nayo huumia hivyohivyo.

Sauti haina mengi. Filamu ikicheza bila sauti, zima kipengele cha kupitisha sauti ghafi, kwa sababu TV nyingi hazifungui DTS, aina mojawapo ya sauti za filamu. Acha Kodi ifungue yenyewe na itoe sauti ya chaneli mbili. Kama una sabufa, toa sauti kwenye tundu la hedifoni la kompyuta au la TV kwa waya wa pini moja kwenda nyekundu na nyeupe. Ukisikia ngurumo ya chini isiyoisha, chomeka sabufa, TV na kompyuta kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi ngurumo hiyo inatokana na vifaa kuchomekwa soketi tofauti zenye ethi tofauti.

Kuhusu bando, wengi huamini kila kinachopita kwenye Wi-Fi kinalipiwa. Sivyo. Bando huliwa data inapopita kati ya nyumba yako na intaneti, iwe inaingia au inatoka. Video inayotoka kwenye kompyuta sebuleni kwenda tableti ya mtoto chumbani inazunguka ndani ya ruta yako tu, hata kama bando limeisha jana. Ile Samba uliyoikubali ndiyo mlango: weka programu ya VLC kwenye tableti, fungua sehemu ya mtandao wa ndani, utaiona LIBREELEC na folda zake. Baadhi ya vile vidude vya Wi-Fi vya mfukoni huzuia vifaa visionane, kwa hiyo kama haionekani angalia mpangilio huo kwanza. Kwa kulinganisha, Netflix wenyewe wanasema saa moja ya HD inafika GB 3 na ya 4K inafika GB 7. Ruta ikiwa sebuleni, iunganishe na kompyuta kwa waya wa mtandao. Kwa vyumbani, 5 GHz ni ya kasi lakini kuta za matofali ya saruji huikata haraka. Ukuta wa pili ukiifuta, rudi 2.4.

Umeme wenyewe mashine hii haitakuumiza. Ikicheza hutumia wati 15 hadi 25. Kwa wati 20 na saa sita kwa siku ni uniti 3.6 kwa mwezi, zidisha kwa bei ya LUKU ya mita yako. Tatizo ni kukatika na kurudi kwa kishindo. Nunua UPS ya 650VA yenye kirekebisha volti ndani, uchomeke kompyuta, hadidiski na ruta tu. TV ikae kwenye stebilaiza au gadi yake, maana ndiyo mla umeme mkubwa na itamaliza betri kwa dakika chache. Betri ya UPS huchakaa mapema kwenye joto letu, kwa hiyo kila baada ya muda ichomoe ukutani mashine ikiwa inacheza, uone kama bado inabeba.

Joto nalo: usiifiche ndani ya kabati lililofungwa, na kile kitambaa kizuri cha kufunika vifaa kisiwekwe juu yake. Acha nafasi ya kiganja pande zenye matundu. Kodi inaonyesha joto la prosesa kwenye taarifa za mfumo. Likizidi nyuzi 85 ukitazama filamu ya kawaida, feni imejaa vumbi. Ifungue, zuia feni kwa kidole isizunguke, upulize. Kama bado, pasta ya prosesa imekauka, na hiyo fundi wa laptopu huibadilisha kwa dakika chache.

Mahali pa kutojifanya fundi mwenyewe ni pawili. Ukigusa bodi ya chuma ya kompyuta au tundu la HDMI ukahisi unatekenywa na umeme, zima na uite fundi umeme mwenye leseni apime ethi ya nyumba. Usitatue kwa kuvaa ndala. Na hadidiski ikianza kutoa mlio wa tiki-tiki au kupotea na kurudi, chomoa papo hapo, usiiwashe "mara moja tu nijaribu". Kila jaribio linaweza kukwaruza sahani zilizobeba video zenu. Hiyo inapelekwa kwa mtu wa kuokoa data, siyo fundi wa simu. Tofautisha na hali nyepesi: umeme umekatika, diski ya NTFS (mpangilio wa diski wa Windows) imerudi lakini Kodi inakataa kuandika au kufuta humo. Hapo diski ni nzima, ina alama tu kwamba haikufungwa vizuri. Ichomeke kwenye laptopu ya Windows, fungua dirisha la amri, andika chkdsk E: /f ukibadilisha E kwa herufi ya diski yako, usubiri imalize.

Lakini hadi sasa harusi na ubatizo viko kwenye diski moja, ambayo sasa unataka ikae sebuleni ikizunguka kila siku kwenye umeme usiotabirika. Kabla hujaenda Kariakoo kuchukua kompyuta, nunua diski ya pili, nakili folda hizo mbili tu, fungua video moja moja uhakikishe zinacheza, kisha diski hiyo ikae kwa ndugu nyumba nyingine.